Kata Korosho Kabla ya Kulisifu Gunia

Mpimaji wa korosho anayeijua kazi yake hamalizi kwa kulitazama gunia. Huchoma bambo juu, katikati na chini, akachanganya alichokipata, akahesabu mbegu zinazotimiza kilo moja, kisha akaketi na kisu na kuzipasua moja baada ya nyingine. Nzima upande huu, zilizosinyaa upande ule, zenye madoa na zilizooza pembeni. Mwisho hupima kiini kilichofaa na kutaja ratili zinazopatikana katika gunia la kilo 80. Gunia safi laweza kutoa kiini hafifu, na gunia lililochakaa likatoa kiini cheupe kilichojaza ganda lake.

Nimetengeneza programu za stakabadhi kwa misimu kadhaa, nikienda na kurudi kati ya Nachingwea na Ruangwa, na vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza draiva nzuri ya kanzidata hutambulikaje. Huwaambia waende ghalani wakamtazame mpimaji anavyofanya.

Draiva ni kile kipande cha programu kinachokaa kati ya kanzidata na kazi yako. Hupeleka swali, hupokea majibu, na kuzigeuza baiti zilizokuja ziwe namba, tarehe na majina. Huku kwetu kugeuza huko ni jambo zito. Tangu korosho zilipoanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007, kilo ya mkulima haifiki sokoni bila namba yake. Namba hutoka kwenye mizani ya chama cha msingi, huandikwa kwenye stakabadhi, hufika ghala kuu, hujumlishwa na za wenzake kwa ajili ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Halafu huzidishwa kwa bei, hupunguzwa makato, na kuishia kwenye orodha ya malipo inayokwenda benki. Karibu kila hatua ni kugeuza maandishi kuwa namba au namba kuwa maandishi. Draiva ikigeuza polepole, mkulima anasubiri. Ikigeuza vibaya, anapunjwa.

Mimi hufanya kazi hii kwa Smalltalk, lugha iliyozaliwa Xerox PARC kule California katika miaka ya 1970 mikononi mwa Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao. Ninayoitumia ni Pharo, iliyochipuka kutoka Squeak mwaka 2008. Naipenda kwa sababu haifichi kitu. Draiva nyingi za lugha nyingine huja kama pakiti iliyofungwa, lakini katika Pharo draiva ya kanzidata ya PostgreSQL iitwayo P3, kazi ya Sven Van Caekenberghe, imeandikwa kwa Smalltalk tupu, na unaweza kuisoma, kuisimamisha katikati ya mwendo na kuona namba yako imefika wapi. Ganda linafunguka kwa kisu chako mwenyewe.

Usiku mmoja wa kuandaa malipo, orodha ya stakabadhi ilikataa kumalizika. Chumbani kila mtu alisema mtandao unasumbua. Nami niliamini hivyo, maana mtandao wetu huwa unasumbua kweli. Lakini mpimaji halaumu mvua kabla hajakata.

Hukumu ya kwanza ni kujua muda unaliwa wapi, na sehemu ni tatu: seva, njia, na draiva yenyewe. Seva ni rahisi kuitenga. Mwambie PostgreSQL `EXPLAIN ANALYZE` mbele ya swali lako naye atakutajia muda aliotumia kulijibu, bila kuhesabu muda wa kukusafirishia mistari. Ikiwa yeye amemaliza kwa milisekunde chache na wewe umekaa dakika nzima, mwache kwa amani.

Njia nayo ina dalili zake. Tuseme safari moja ya kwenda Dar es Salaam na kurudi inachukua milisekunde 30. Draiva inayoomba stakabadhi 5,000 moja moja itatembea njiani dakika mbili na nusu hata kama prosesa zote mbili, ya seva na yako, zimelala. Draiva iliyoiva huchukua mistari kwa mafungu. Ipo dalili nyingine ambayo ukishaijua hutaisahau: kila swali, dogo kwa kubwa, linachukua karibu milisekunde 40 zilezile, hata seva ikiwa kwenye chumba hichohicho. Hapo shuku utaratibu wa John Nagle wa mwaka 1984, unaozuia pakiti ndogo zisitoke hadi ile iliyotangulia ijibiwe, ukigongana na upande wa pili unaochelewesha jibu kwa makusudi. Draiva inayotuma ujumbe vipande vipande huingia mtegoni. Inayoukusanya ujumbe wote na kuutuma kwa mkupuo mmoja hupita salama.

Usiku ule prosesa ya kompyuta yangu ilikuwa inachemka. Anayesubiri mtandao hachemki. Nikajua kosa liko ndani.

Hapo ndipo huchomwa bambo. Katika Pharo na Squeak kuna chombo kiitwacho MessageTally: unakipa kazi yako ukiifunga ndani ya `spyOn:`, nacho hukatiza programu kila milisekunde na kuandika imeikuta inafanya nini. Mwisho hukupa mti wa asilimia. Hakijui kila kilichotendeka, kama mpimaji asivyopasua gunia zima, ila sampuli zikiwa nyingi ukweli hujitokeza. Niliukuta mzigo mkubwa umekaa mahali ambapo hakuna aliyepataja chumbani: kusoma namba.

Sehemu hii inahitaji utulivu, kwani ndipo ubora wa draiva unapojulikana hasa. PostgreSQL kwa kawaida hutuma namba kama maandishi. Kilo 82.4 huja kama herufi nne. Draiva ya kivivu huzigeuza baiti hizo kuwa maandishi, huyaweka maandishi kwenye mkondo, kisha humwita msomaji wa namba wa lugha nzima. Msomaji huyo ni bingwa: anaelewa `16rFF`, anaelewa vipeo, anaelewa `82.4s2`. Lakini ubingwa wote huo hubebwa kwa kila kilo, kwenye kila safu na kila mstari, ilhali karani wa mizani hajawahi kuandika `16rFF` maishani mwake. Zaidi ya hapo, ili asikosee, msomaji anaweza kupitia sehemu na namba kamili kubwa sana kabla ya kufikia desimali unayoitaka. Kila hatua huacha vitu vya kuzolewa, na mzoa taka wa kumbukumbu ya kompyuta naye anataka muda wake.

Draiva ya fundi husoma baiti palepale zilipo: zidisha kwa kumi, ongeza tarakimu, kumbuka ishara, hesabu tarakimu zilizo baada ya nukta. Tena huamua mapema. Kila safu huja na namba ya aina yake, 23 kwa namba kamili ya kawaida, 701 kwa floti ya baiti nane, 1700 kwa desimali kamili, kwa hiyo mgeuzaji wa kila safu huchaguliwa mara moja kabla ya mstari wa kwanza. Ukiona draiva inauliza "hii ni aina gani?" kwa kila kisanduku, au inatengeneza upya alama ya jina la safu kwa `asSymbol` kwenye kila mstari, umeshapata mbegu iliyosinyaa.

Kasi bila usahihi, hata hivyo, ni kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa magendo: mzigo unaondoka haraka na mkulima anabaki na hasara. Chukua maandishi `0.3`. Umeshapata 3, na unajua kuna tarakimu moja baada ya nukta. Ukizidisha 3 kwa 0.1 utapata 0.30000000000000004, maana 0.1 haikai sawasawa katika mfumo wa jozi. Ukigawa 3 kwa 10.0 utapata 0.3. Kazi inaonekana ni moja, matokeo ni mawili. William Clinger alieleza mwaka 1990 kwa nini kugawa kunaaminika: ikiwa namba ya juu haizidi 9007199254740992 na kigawanyo ni kipeo cha kumi kisichozidi cha 22, zote mbili zinakaa kamili ndani ya floti, na mgawanyo hukadiriwa mara moja tu. Draiva nzuri hutumia njia hiyo fupi inapofaa, na nje ya mipaka hiyo humrudia yule msomaji bingwa. Nikifungua draiva nisiyoijua, huutafuta mpaka huo kwanza. Nikiukuta umeandikwa, najua aliyeiandika alikaa na kisu.

Kwa fedha, floti nisingeitumia kabisa. Smalltalk ina `ScaledDecimal`, ambayo haipotezi kitu, lakini katika Pharo ndani yake hushika sehemu kamili, na kila kujumlisha huweza kudai kutafuta kigawo kikubwa cha shirika. Kwa stakabadhi chache si neno. Kwa msimu mzima ni mzigo. Mimi huweka gramu na senti kama namba kamili na kuirudisha nukta wakati wa kuchapa tu. Hapo chunguza umri wa mashine: kwenye Pharo ya biti 32, namba kamili ndogo huishia 1073741823. Serikali iliponunua korosho mwaka 2018 kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tani 400 tu zilikuwa na thamani ya shilingi 1,320,000,000. Smalltalk haikosei hapo. Huhamia kimyakimya kwenye namba kubwa, na jumla hubaki sahihi, lakini mwendo hushuka na hakuna ujumbe wowote wa kukuonya. Kwenye biti 64 mpaka ni 1152921504606846975, na korosho zote za nchi zinaingia humo, senti zikiwemo.

Kuandika namba kuna ugumu wake, hasa floti, kwa sababu inatakiwa kupata tarakimu chache kabisa zitakazorudisha floti ileile zikisomwa. Guy Steele na Jon L White waliieleza njia yao mwaka 1990, nayo hutegemea hesabu za namba kubwa. Ulf Adams alileta Ryū mwaka 2018, iliyo nyepesi zaidi. Ukiona ripoti inasoma haraka na kuchapa polepole, kata upande huo.

Lakini sampuli itoke kwenye gunia lenyewe. Nachingwea inajua gharama ya sampuli mbovu. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulitumia wiki tisa tu kuangalia ardhi ya Tanganyika na nchi jirani, sehemu yake kubwa kutoka angani. Kwa taarifa hiyo Waingereza wakaanzisha mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakauacha mwaka 1951. Draiva iliyojaribiwa kwa mistari kumi ya mfano, kilo zote zikiwa 100, imekaguliwa kutoka angani. Chukua stakabadhi za msimu uliopita, zote, pamoja na zile zilizofutwa na zilizosahihishwa.

Usiku ule niliandika mgeuzaji wangu mfupi, na orodha ikaanza kutoka upesi. Sikuituma. Nilikuwa nimejiwekea desturi ya kuandika kila namba kwenye kanzidata, kuisoma tena na kulinganisha, na jumla ya chama kimoja cha msingi ikatofautiana kwa kilo moja. Nilitafuta hadi alfajiri. Ilikuwa marekebisho ya uzito ya mkulima mmoja: `-0.5`. Mgeuzaji wangu alisoma sehemu iliyo kabla ya nukta, `-0`, akapata sifuri, na sifuri haina ishara. Akaongeza nusu, na upungufu wa nusu kilo ukawa ongezeko la nusu kilo. Dawa ni kuikumbuka ishara peke yake na kuiweka mwisho, baada ya tarakimu zote. Sasa nikipewa draiva yoyote, ya bure au ya kununua, kabla sijapima mwendo wake huiandikia `-0.5`, nikafuatisha `-0.05`, nikafuatisha kisanduku kitupu, nikasubiri kuona kinachorudi.