Sikukuu Huja Imekunjwa

Katika nyumba ya bibi yangu, Pemba, sikukuu ilikaa juu ya mtambaapanya. Ilikaa huko miezi na miezi, imekunjwa, imefungwa kamba ya miyaa, imevishwa kanga kuukuu ili moshi wa kuni usiiguse. Jioni mwezi ulipoandama, mjukuu mrefu kuliko wote alipanda juu ya kiti akaiteremsha. Bibi aliikung'uta uani, akaifagilia mahali pake, kisha akaikunjua polepole kuanzia ukutani, huku sisi watoto tukikatazwa kusogea na miguu yetu yenye vumbi. Ulikuwa mkeka mmoja wa ukindu, weupe wake umeelekea rangi ya samli, una mistari ya zambarau na kijani. Chumba kilikuwa kile kile, sakafu ile ile ya udongo, kitanda kile kile cha kamba. Lakini ukiingia ulijua, bila ya kuambiwa, kwamba kesho ni Idi.

Sikumbuki kama tuliwahi kununua pambo. Fedha ya sikukuu ilikuwa na wenyewe: nguo za watoto, nyama, mchele, sukari. Nyumba ilipambwa kwa kile kilichokwisha kusukwa.

Watu husema mkeka husukwa. Kwa hakika kinachosukwa ni ukili, mkeka hushonwa. Ukili ni utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, na mkeka mmoja hula pima nyingi za utepe huo. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na bibi, ambaye alikuwa mfupi, alitaniwa na mashoga zake kwamba pima zake ni za kipunjo. Naye alijibu kwamba ukili wake umebana, na wao wanauza upepo.

Kazi huanza bondeni, penye majimaji, ambako mkindu humea. Huota kwa vichaka, mashina mengi pamoja, na mkataji mwenye busara hupita shina hili akaliacha lile, ili mwakani arudi akute kitu. Kinachotakiwa ni kuti changa, lile ambalo bado limefumba katikati. Likishafunguka likapigwa na jua hadi kuwa kijani, limekwisha kuwa gumu na mkono wa msukaji halitautii. Makuti huanikwa mpaka yapauke, kisha huchanwa nyuzi nyembamba, na hapa, kwa maoni yangu, ndipo fundi anapojulikana. Wengi humtafuta kwenye rangi. Mimi humtafuta kwenye kuchana. Mwenye haraka huchana mwembamba huku na mpana kule, na kosa hilo halina dawa mbele ya safari: ukili utavimba, utapinda, na mkeka utakataa kulala chini, kona moja imeinuka kama sikio la mbwa aliyesikia kitu.

Rangi ni unga wa dukani, kipakiti kidogo, unaochemshwa katika sufuria iliyokwisha kustaafu mapishi. Ukindu huzamishwa humo, hugeuzwa kwa kijiti, hutolewa ukaanikwa kivulini. Kipakiti hicho kimoja hufika mbali, maana si ukindu wote hutiwa rangi. Msukaji anayejua huacha sehemu kubwa ya mkeka iwe nyeupe, rangi ipite kama mgeni aliyealikwa akajua saa ya kuondoka. Nimeona mikeka iliyotiwa rangi zote za dukani, na kuiangalia ni kama kusikiliza watu sita wakisalimiana kwa wakati mmoja.

Kabla ya kusuka, ukindu hunyunyiziwa maji kidogo ulainike. Ndiyo maana wasukaji hupenda asubuhi na jioni, wakati jua haliwanyang'anyi unyevu. Nyuzi hukatizana mshazari, juu, chini, zikifika ukingoni hukunjwa zikarudi. Mkono ukishazoea, jicho halina kazi. Bibi alisuka huku akihukumu kesi za mtaa mzima, ukili ukimshuka mapajani na kujizungusha sakafuni. Alinyamaza tu pale rangi ilipoingia, maana hapo huhesabu. Ukimsalimia wakati huo, "Shikamoo bibi," marahaba yako ungeipata baada ya muda mrefu, pamoja na lawama.

Halafu kushona. Sindano nene, uzi wa miyaa, na kingo mbili za ukili zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Uzi hupitishwa ndani ya mikunjo ya kingo hizo, huvutwa, zikabanana. Zambarau ya ukili huu lazima ikutane na zambarau ya ukili jirani; ikikosea unyuzi mmoja, mstari wote unakwenda chechele. Mshono mzuri hauonekani na mtu aliyesimama. Aliyeketi huuona, akitaka, na pengine huo ndio mpango: mkeka hauonyeshi ufundi wake mpaka ukubali kuwa mgeni.

Mjini siku hizi neno mkeka limepata ajira nyingine. Rais akiteua viongozi, watu huulizana kama mkeka umetoka. Kijana aliyeweka fedha zake kwenye mechi za Jumamosi huomboleza kwamba mkeka wake umechanika. Zamani nilikuwa nakunja uso. Sasa naona wameliheshimu neno kuliko wanavyodhani: mstari juu ya mstari, na mmoja ukikatika yote imeharibika.

Wako waliopamba nyumba kwa njia nyingine kabisa. Lamu, katika nyumba za mawe za matajiri wa karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijaa zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu na kunakshiwa kwa lipu ya chokaa, na humo viliwekwa vyombo vya kaure vilivyovuka bahari kutoka China. Ni kazi ya kustaajabisha, na sitamwamini anayesema haimgusi. Macho yako hupanda kwenye ukuta ule kama ngazi. Lakini ukuta ule haujui Jumatatu wala Idi. Ulikuwa vile Rajabu, utakuwa vile Shawali. Mwenye nyumba, nadhani, baada ya mwaka wa kwanza aliuona tu pale mgeni aliposhangaa.

Bibi hakuwa na zidaka. Alikuwa na kitu kimoja kizuri, akakificha.

Leo nimepanga chumba na sebule Dar es Salaam, kuta nusu rangi ya mafuta nusu rangi ya maji, kama wenye nyumba wetu wanavyopenda. Kila Ramadhani inapokaribia kwisha hupita Kariakoo na kuona maua ya plastiki, mapazia yenye vishada, taa ndogo za kuwakawaka. Siwacheki wanaonunua. Nilinunua taa hizo mwaka mmoja nikaziacha ukutani, na kufikia mwezi wa tatu sikujua tena kama zinawaka au zimekufa. Tangu hapo nimefuata sheria ya bibi: vichache, na vitoke kwa siku yake.

Doti moja ya kanga isiyovaliwa, ambayo hukaa sandukuni. Kipande kimoja huenda dirishani, kingine juu ya meza. Pindo lake limekwisha kuchapwa, hivyo pazia halihitaji fundi, linahitaji kamba na misumari miwili. Ila soma jina kabla ya kutundika. Mwaka mmoja niliitundika kwa kuvutiwa na rangi tu, maneno yakitazama nje, nayo yalikuwa ya kumsema mtu mwenye kijicho. Jirani yangu wa upande wa pili hujua kusoma. Biryani niliyompelekea ilirudi sahani tupu na bila salamu.

Asumini huchumwa alasiri, vitumba vikiwa bado vimefumba. Vinawekwa kwenye kisahani chenye maji haba, na saa za usiku hufunguka vyenyewe, chumba kikanukia bila mtu kufanya lolote. Udi wa kweli ni ghali, siugusi. Lakini wanawake wa visiwani hupika udi wao kwa sukari na manukato, na kipande chake kidogo juu ya kaa la chetezo hutosha sebule yangu, mapazia na kanzu juu. Mwenye kukosa hata huo, ubani haujawahi kumtupa mtu.

Halafu mkeka. Siwezi kusifu bila ya kusema ubaya wake. Ukindu ukilowa huota ukungu. Ukiachwa juani hukauka ukavunjika. Mtoto akimwaga mchuzi wa nazi, doa lile utazikwa ukaliacha. Mikeka ya plastiki iliyojaa madukani haina dhiki hizo, na uani kwangu ninao mmoja, tunauosha kwa sabuni. Tena nikisema mkeka wa ukindu ni pambo la bei nafuu, najua kuna jambo nalipita kando. Ni nafuu kwangu ninayenunua. Wiki za mwanamke aliyekata, akachana, akasuka na kushona mara nyingi hazimo katika bei ile, na sokoni nimewaona watu wakizidi kumbana apunguze, kisha wakapita duka la pili kununua zulia la mashine bila ya kuuliza neno. Tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, baadhi yetu tulirudi kwenye kikapu cha ukili kwa haya kidogo, kama mtu anayerudi kwa mke aliyemwacha. Nilitumaini bei ya mkono ingepanda. Muuzaji mmoja niliyemuuliza alicheka tu, akaendelea kusuka.

Mkeka wangu wa sasa bibi hakuushona. Ukili ni wake, aliouacha umeviringishwa mvunguni, na shangazi ndiye aliyeumaliza. Ukiwa umeketi juu yake utaona kwamba mikono ilibadilika, maana mshono wa shangazi ni mpana. Sijamwambia.

Hukaa juu ya kabati, ndani ya kanga. Idi Ndogo iliyopita niliutandika usiku wa mwezi kuandama, tukala juu yake sinia moja watu wanane, na siku ya nne nikaukunja. Toka Idi Ndogo hadi Idi Kubwa ni kama siku 70. Nilipoukunjua tena, bila ya mtu wa kunikataza kukanyaga, zilidondoka punje mbili za mchele na asumini kavu tano, kahawia, nyepesi kama ngozi ya kitunguu. Nilizinusa. Hazikuwa na harufu yoyote. Nikazirudisha mkekani, nikaenda kuteka maji ya kuosha miguu ya watoto.