Benchi la Leopold: Uimara Unaotokana na Mwinamo

Miongoni mwa samani za bustani zinazoweza kuundwa kwa msumeno, keekee na mbao chache, benchi linaloitwa kwa jina la Aldo Leopold, mtaalamu wa misitu aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa uimara wake hautegemei viungo vya kistadi bali namna mbao zake zilivyoinamishwa. Mwaka 1935 Leopold alinunua shamba lililochakaa kando ya Mto Wisconsin, ambako jengo pekee lililosalia lilikuwa banda la kuku. Familia yake ililikarabati banda hilo kwa kutumia, pamoja na vitu vingine, mbao zilizoletwa na mafuriko ya mto, na benchi lenyewe linalingana kabisa na hali hiyo ya kutumia kilichopo.

Kila ubavu wa benchi una mbao mbili tu. Ubao mrefu huanzia ardhini upande wa mbele, ukapanda kwa kulalia nyuma hadi kushika egemeo, yaani ubao wa kuegemezea mgongo, ilhali ubao mfupi huanzia ardhini upande wa nyuma, ukapanda kuelekea mbele na kubeba kikalio. Mbao hizo hupishana chini ya kikalio na kufungwa kwa bolti, na hapo ndipo kilipo kiini cha usanifu wote. Zikifungwa kwa bolti moja, zitafunguka kama mkasi mara mtu anapoketi. Zikifungwa kwa bolti mbili au tatu zilizoachana, haziwezi kuzunguka, kwa sababu kila bolti huuzuia ubao usielekee kule ambako bolti nyingine ingeuruhusu. Kadiri bolti zinavyoachana ndivyo kizuizi kinavyozidi, ingawa tundu likisogezwa mno ukingoni ubao utapasuka kufuata nyuzi zake.

Mwinamo huohuo hulinda benchi lisipinduke, kwa kuwa mtu anapoegemea, egemeo husukumwa nyuma, lakini ubao mfupi tayari umekanyaga nyuma ya mguu wa ubao mrefu, hivyo uzito hubaki ndani ya eneo la miguu. Kiungo cha ulimi na tundu, ambamo ncha iliyochongwa ya ubao mmoja huingizwa katika shimo la mwingine, kingependeza zaidi machoni. Hata hivyo, mbao zinazokaa nje huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua hadi kiungo hicho kikalegea, wakati bolti hukazwa upya kwa spana.

Udhaifu wa kweli uko kwenye mwendo wa kushoto na kulia, kwa sababu kikalio na egemeo pekee ndivyo vinavyounganisha mbavu mbili. Kwa hiyo vifungwe kwa skrubu nene, si misumari, ambayo hung'oka polepole kila benchi linapoyumba. Pembe za miguu nazo hazina budi kulingana, na njia ya uhakika ni kukata mguu mmoja kwanza, kisha kuutumia kama kipimo cha mwenzake wa ubavu wa pili. Ncha zinazogusa ardhi hunyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote, hivyo hupakwa mafuta ya kitani mara kadhaa na kuwekwa juu ya mawe bapa, hasa mahali penye mchwa.