Mtelemko wa Kioo

Mwaka 1872, huko Las Salinas katika jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile ya leo, mhandisi Charles Wilson alitandaza masinia ya mbao yaliyofunikwa kwa vioo, zaidi ya mita za mraba 4,000. Maji ya visima vya pale yalikuwa na chumvi takriban mara nne ya bahari, na nyumbu wabeba mizigo wa migodini walikuwa na kiu. Mtambo ule ulikeneka zaidi ya lita 20,000 za maji matamu kwa siku bila kuni wala makaa, ukadumu miaka ipatayo 40.

Kanuni yake ni nyepesi: jua hupasha maji, mvuke hupanda, hugusa kioo kilichopoa kidogo ukarudi kuwa maji, chumvi ikabaki chini. Lakini kugeuza lita moja kuwa mvuke hula karibu theluthi mbili za uniti ya umeme. Ndiyo maana sinia la mita moja ya mraba, penye jua kali, hutoa lita tatu hadi tano tu kwa siku. Fundi hana joto la kuchezea.

Tazama tone moja chini ya kioo. Kioo kikilazwa mno, tone huning'inia, hunenepa, kisha hudondoka kwenye maji ya chumvi, na kazi yote ya jua imepotea. Kikiinuliwa mno, kinakaa mbali na maji, na joto linapotelea njiani. Kwa kawaida hulazwa kati ya nyuzi 10 na 20, tone likateleza lenyewe hadi kwenye mfereji wa kukusanyia maji matamu. Tena kioo kioshwe mafuta yote, maji yatande kama utando mwembamba. Yakijikusanya matonematone hurudisha mwanga nje. Utulivu wa macho unaohitajika hapo ndio ninaouheshimu kuliko mashine nyingi za gharama.

Kina cha maji ni sentimita mbili hivi, yapate moto mapema. Sakafu ni nyeusi, na husafishwa kabla chumvi haijaipaka weupe.

Ukijenga mtambo wako, chagua gundi isiyotoa harufu ikipata joto, maana harufu hupanda pamoja na mvuke na kuingia kwenye maji ya kunywa. Mafuta ya taa na baadhi ya dawa za kilimo hupanda vivyo hivyo. Kisima chenye vitu hivyo usikitumie.