Jina Kifuani

Abercrombie & Fitch, nyumba ya biashara iliyoanzishwa New York mwaka 1892, ilipata kuwauzia vijana wa Marekani fulana zenye jina lake kubwa kifuani. Mwaka 2014 ilitangaza kuliondoa jina hilo katika karibu nguo zake zote za huko, kwa kuwa vijana walikwisha kulichoka. Yamkini wako waonao hayo kuwa mambo ya soko tu. Mimi naona ni hukumu ya wasomaji. Jina la kanga huchaguliwa na mvaaji, likamsemea kwa jirani au mke mwenza. Jina la fulana humsemea muuzaji, na alipaye ni mvaaji. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyeipata yake mitumbani, aliniambia kuwa alipenda kitambaa; jina hakulisoma.