Dole Gumba Lililowaponza

Mnaofuatilia video za samaki aitwaye kikande akimfukuza mzamiaji mnaijua sekunde ninayoizungumzia. Samaki amelala ubavu, jicho moja limewakodolea wageni, mwiba wa mgongoni umesimama. Kiongozi anageuka, anainua dole gumba, ishara ya kupanda, na kikundi kizima kinaanza kupanda. Hapo ndipo vurugu huanza: mateke, mapovu, miwani imekwenda upande, samaki anarudi mara ya pili na ya tatu. Watazamaji humlaumu samaki. Wa kulaumiwa ni aliyeinua dole. Kikande alikwishatoa ilani kwa jicho na kwa mwiba, na kilichomkera zaidi ni jibu la wageni, yaani kuelekea juu ilhali walipaswa kwenda pembeni.

Kikande mkubwa hufikia sentimita 75, na meno yanayovunja kombe na matumbawe hayashindwi na vazi la kuzamia. Msimu wa kutaga hufukua kiota mchangani kwa kupuliza maji kwa mdomo, kisha hukilinda. Eneo analolilinda wazamiaji wazoefu hulichora kama pia iliyosimama kwa ncha: jembamba kwenye kiota, pana kadiri unavyopanda. Anayepanda wima juu ya kiota basi habanduki katika himaya ya samaki. Kila mita anayopanda, mpaka nao unazidi kumkimbia. Anayeogelea pembeni, chini chini, huuvuka baada ya mapigo machache ya mapezi. Jambo hili lina mizizi katika elimu ya zamani. Niko Tinbergen, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, aliwatia samaki wawili wadogo wa miiba mitatu kila mmoja katika mrija wake wa kioo, akawahamisha kutoka himaya ya mmoja hadi ya mwenzake. Aliyekuwa kwake alishambulia, mgeni akahangaika kutoroka. Mirija ilipohamishwa, jasiri akageuka mwoga. Samaki ni yuleyule, kilichobadilika ni mahali. Kwa hiyo swali la mzamiaji aliyevamiwa ni moja tu: mpaka ulio karibu uko upande gani?

Najua pingamizi. Wapo wasemao kwamba pia hiyo ni mchoro wa wazamiaji tu, hakuna aliyeipima kwa futi kamba kila kiota. Haya, tuifute kabisa. Kupanda kwa hofu kunabaki kosa. Kutoka mita 10 hadi juu, hewa iliyomo mapafuni hutanuka mara mbili, na mtu aliyebana pumzi kwa woga anaweza kupasuka mapafu kwa sababu ya samaki ambaye angemwachia jeraha la meno tu. Kile kituo cha usalama cha dakika tatu kwenye mita 5 nacho kinarukwa. Wengine hudai kiongozi alitaka tu kuwatoa watu wake majini. Nia njema, lakini kuwatoa majini na kuwatoa kwenye himaya ni kazi mbili, na ya pili ndiyo ya kwanza kufanywa: mapezi yaelekezwe kwa samaki, macho yasimwache, kikundi kirudi nyuma pembeni hadi atulie, ndipo dole liinuliwe. Haki itendeke: viongozi wengi wa Diani na Watamu hukagua mitungi na kuhesabu watu vizuri.

Kosa linaanzia mafunzoni, Nairobi. Katika mabwawa ya Westlands na Lavington mwanafunzi hufunzwa kutoa maji kwenye miwani na kupanda polepole. Kila tatizo jibu lake ni juu. Bwawa halina samaki, lakini lina pembe nne, na kurudi nyuma huku mapezi yakiwa mbele kunafundishika humo bila kikande hata mmoja.

Waliotangulia walielewa kuisoma himaya. Alan na Joan Root waliposhuka katika chemchemi za Mzima, kule Tsavo, kupiga filamu ya viboko chini ya maji, walisoma njia za mnyama kabla ya kumsogelea. Mtasema kiboko alimuuma Alan mguu hukohuko. Ndiyo, na hilo linathibitisha kwamba hata msomaji bora wa himaya hubaki mgeni ndani yake. Je, yule asiyesoma kabisa? Wavuvi wa pwani nao husoma, ila wao husoma mwezi: hupanga kazi kwa bamvua na maji mafu. Katika jamii ya kikande, aina kadhaa zilizochunguzwa hutaga zikifuata mwezi, na mayai huanguliwa upesi, hivyo ukali wa kiota ni wa siku chache zinazoweza kukisiwa. Kiongozi anayejua tarehe za wageni wake na hajui umri wa mwezi hajapanga mbizi. Na atakayeinua dole gumba juu ya kiota arudishwe bwawani, aanze na pembe nne.