Jina la nani juu ya kitabu?

Wazee walisema: mchumia juani hulia kivulini. Lakini katika kazi ya elimu huku kwetu Kivu, mara nyingi mmoja anachumia juani na mwingine anakula kivulini. Ndilo jambo linaloelezwa katika kitabu La série Bukavu, kilichotolewa mwaka 2020 na Presses universitaires de Louvain. Kilianza mwaka 2019 kama maandishi mafupi ya wachunguzi wa Kongo na wenzao wa Ubelgiji.

Wanasema nini? Profesa wa Ulaya anapanga kazi. Ndugu yetu wa Bukavu ao wa Goma anapanda pikipiki, anapita vizuizi vya wenye silaha, anauliza watu, anageuza maneno yao kwa Kifaransa. Kiisha analipwa siku zake. Kitabu kinapotoka, jina lake halimo, ao limo katika shukrani tu.

Je, ni kweli? Historia inajibu. Mwaka 1976 Daktari Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku, akatoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Akaleta Kinshasa sista mmoja mgonjwa. Damu ilipelekwa Antwerp, na huko virusi vya Ebola vikaonekana. Maandishi ya kwanza yalitoka mwaka 1977 katika The Lancet. Jina la Muyembe halikuwa kati ya waandishi.

Lakini tazameni tena. Miaka 2018 na 2019 dawa za Ebola zilijaribiwa kwa wagonjwa 681 hapa Kivu Kaskazini, kule Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Katika New England Journal of Medicine jina la kwanza ni la Mkongomani, Sabue Mulangu. Muyembe naye yumo. Basi haki inawezekana.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba waliozoea kusemewa wanasema wenyewe. Shaka langu ni moja: kidole kinaelekea zaidi Ulaya. Lakini mnyororo ni mrefu. Profesa wetu anamtuma msaidizi wake, msaidizi anamtuma mwanafunzi. Hata mimi: nilimtuma mwanafunzi kukusanya methali za wazee vijijini. Alizipanga, akazifafanua vizuri. Niliweka jina langu peke yangu, nikasema moyoni: nilimlipa nauli. Niliposoma kitabu hiki niliona haya.

Nauli hainunui akili ya mtu. Basi kabla ya kumtuma mtu, tupatane naye: nani ataandika, na majina gani yatawekwa. Jina si sadaka. Anayetia jina awe amefikiri na kuandika, awe tayari kujibu kwa maneno yake. Na kama jina laweza kumletea hatari, katika nchi yetu hii yenye vita, aulizwe mwenyewe. Tusiamue kwa ajili yake, kiisha tukaita uamuzi huo huruma.