Shalom iliyogeuzwa: Kiebrania kwenye kozi za mtandaoni

Mwanafunzi wa theolojia hapa Mbeya au Iringa lazima siku moja akutane na Kiebrania. Agano la Kale karibu lote liliandikwa kwa lugha hiyo, ukiacha vipande vya Kiaramu kwenye Danieli na Ezra. Mbeya tunacho Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Wamoraviani, Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri, na mwenye simu na bando anaweza kujiongezea kozi ya bure mtandaoni. Kozi ninayoijadili leo si ya vyuo hivyo. Jina lake silitaji, maana ugonjwa wake nimeuona kwenye kozi zaidi ya moja.

Sifa zake kwanza: sauti safi, maelezo ya sarufi yanaeleweka, hayana madoido. Sasa fungua somo la salamu. Neno shalom linatakiwa lionekane hivi: שלום. Ukianzia kulia ni shin, lamed, vav, halafu mem. Mem ikiwa mwisho wa neno hubadili umbo, inakuwa kama kisanduku kilichofungwa. Kwenye kichwa cha somo hili kile kisanduku kimekaa kulia kabisa, yaani mwanzo wa neno! Anayekijua Kiebrania atashtuka. Anayeanza leo, ambaye ndiye kozi imetengenezwa kwa ajili yake, atakariri hivyohivyo.

Nilifungua msimbo wa ukurasa nione kulikoni. Kwenye Unicode, herufi za Kiebrania huhifadhiwa kwa mfuatano wa kusoma: shin ya kwanza, mem ya mwisho. Kuzionyesha kulia kwenda kushoto ni kazi ya kivinjari, na kukipa neno zima kunatosha, kinalipanga chenyewe. Lakini kozi hii ina zoezi la kuburuta herufi, kwa hiyo JavaScript inalikatakata neno na kuiweka kila herufi kwenye kitufe chake. Hapo kivinjari hakioni neno tena. Kinaona vitufe vinne ndani ya ukurasa wa Kiswahili, na kinavipanga kushoto kwenda kulia kama kawaida.

Kuweka dir="rtl" kwenye elementi inayobeba vitufe hivyo kungemaliza kazi. Badala yake mtengenezaji akaandika split("").reverse().join(""), akaligeuza neno lenyewe. Vitufe vikakaa sawa, akafurahi. Tatizo ni kwamba neno hilo hilo lililogeuzwa ndilo linalotumika pia kwenye kichwa cha somo na kwenye orodha ya msamiati, ambako kivinjari kinaligeuza tena.

Kwenye maneno yenye irabu mambo ni mabaya zaidi. Irabu za Kiebrania ni nukta na vistari, na kila kimoja huhifadhiwa kama alama yake inayofuata konsonanti yake. Ukigeuza mfuatano, irabu inamwacha mwenyewe na kumrukia jirani. Mwanafunzi anasoma silabi ambazo hazipo.

Kinachoniudhi hasa ni alama. Zoezi la kuandika linalinganisha jibu lako na lile neno lililogeuzwa. Ukiandika shalom vizuri kabisa kwa kibodi ya Kiebrania ya simu yako, unaambiwa umekosa. Na hata wakiacha kugeuza, kibodi mbili zinaweza kutoa shin yenye nukta zilezile kwa mfuatano tofauti. Bila kupitisha pande zote mbili kwenye normalize(), jibu sahihi litakataliwa tu.

Kuna pia namba za mistari. Andika neno la Kiebrania katikati ya sentensi ya Kiswahili, likifuatwa na 1:1, na namba inaruka kukaa kushoto kwa neno, kwa sababu kivinjari kinaihesabu kama sehemu ya Kiebrania. Kulifunga neno ndani ya bdi kunazuia hilo. Kozi haikufanya.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuweka picha za maneno. Sikubaliani nao. Picha inakula bando, huwezi kuinakili ukaitafute kwenye kamusi, na programu ya kumsomea asiyeona haiwezi kuitamka neno kwa neno. Halafu tatizo si la Kiebrania peke yake: anayetaka kufundisha mtandaoni Kiswahili cha hati za Kiarabu za Pwani atapita njia hiihii.

Kwa sasa ningemshauri mwanafunzi atumie sauti na sarufi za kozi hii, mazoezi ya kuandika ayaruke, na kila neno jipya aliangalie kwenye Biblia ya Kiebrania iliyochapwa kabla hajaliingiza kwenye daftari.